Mbege ya Mama Derick Ilivyogunduliwa

Mbege iligunduliwa Kwa Mrombo mwaka jana, mwezi wa tisa, siku ya Jumanne, saa tano kasorobo asubuhi. Wakati wa ugunduzi huo watu kumi na wanane walikuwa wakiinywa.

Mgunduzi aliitwa Krunal. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa hapa hapa mjini, wa ukoo uliouza vitambaa tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha Arusha tupu. Angeweza kuigundua mbege miaka mingi nyuma kwa kuvuka barabara tu. Lakini ugunduzi wa maana hutaka nauli. Ilibidi kwanza aende Cape Town akasomee mvinyo kwa wiki sita, apewe cheti chenye picha ya zabibu, ndipo arudi na kubaini kwamba nyumbani nako kuna watu wenye kiu.

Alifika na daftari lenye jalada la ngozi, glasi mbili za miguu mirefu alizozifunga kwenye taulo, na kopo jeusi lenye mfuniko ambalo hakuna aliyejua kazi yake. Mwenye kilabu, Evaresta, alikuwa ameinama akisukuma kuni chini ya sufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Choo kiko kule nyuma. Kimepakwa chokaa juzi."

"Mimi si bwana afya, mama."

"Wote husema hivyo."

"Kweli kabisa. Natafuta wazalishaji wadogo wa vinywaji vya asili."

Evaresta alijinyoosha taratibu, mikono kiunoni. Mara ya mwisho kupimwa zahanati alikuwa na kilo tisini na nne. "Wadogo," alisema. "Haya. Karibu ukae."

Evaresta alizaliwa Rombo na kuletwa Arusha na ndoa. Marehemu mumewe alimwachia mtoto mmoja, Derick, ambaye sasa ni dereva wa malori ya Tunduma, na sufuria tatu kubwa. Sufuria huonekana nyumbani mara nyingi zaidi. Mtaani anaitwa Mama Derick, na kwa miaka thelathini na mmoja amepika mbege kwa namna ileile: ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na humo ndani linatiwa gamba la msesewe, mti wa mlimani unaoipa mbege ule ukali wake kidogo ili isiwe kinywaji cha watoto. Msesewe hauna kipimo. Ukimwuliza Evaresta unatiwa kiasi gani, atakujibu "kiasi chake", na ukiuliza tena atakuona huna akili. Kipimo ni ulimi wa mpishi.

Na ulimi wa mpishi ndio uliokuwa sheria. Kwao Rombo, na kwake Kwa Mrombo pia, mbege haigawiwi kabla aliyeipika hajaionja mbele ya watu. Sababu ya zamani ni kuonyesha kwamba haina sumu. Sababu ya siku hizi ni kwamba hakuna anayethubutu kuuliza sababu. Evaresta huchota kwa kata, hunywa mara moja, hukaa kimya kama anayesikiliza redio ya jirani, kisha husema, "Imekubali." Hapo ndipo vikombe hunyooshwa. Akisema "Bado", wanaume wazima waliotoka mpaka Tengeru huchukua kofia zao na kuondoka bila neno. Waziri akitangaza jambo, watu hao hao hulibishia wiki nzima.

Sasa, wiki moja kabla ya Pasaka ya mwaka huo huo, Evaresta alishikwa na mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida ya masika, ya kujifukiza na kulalamika. Yalipoondoka yaliondoka na harufu zote na ladha zote. Chai ikawa maji ya moto. Nyama ikawa kazi ya meno. Alijaribu tangawizi, ndimu, pilipili kichaa. Machozi yalitoka, ladha haikuja. Akangoja Mei, akangoja Juni. Hakumwambia mtu. Mpishi wa mbege asiye na ulimi ni kama padri asiye na imani: ibada inaweza kuendelea, ila si lazima waumini wote wajulishwe.

Kwa hiyo kila asubuhi ya mbege alichota, akanywa kitu kilichokuwa baridi chenye povu na basi, akakaa kimya muda uleule, akasema "Imekubali." Msesewe aliutia kwa kukisia. Na kwa kuwa aliogopa usije ukapungua watu wakashtuka, kila mara aliongeza konzi moja ya tahadhari.

Hakuna aliyeshtuka. Kinyume chake, tangu Pasaka wateja wake walikuwa wameingiwa na wema wa ajabu. Aminieli, seremala Mmeru na mzee wa kanisa, ambaye kwa heshima ya usharika wake hunywea nyuma ya rundo la kuni ili asionekane na wapita njia, alikuja siku moja na misumari yake mwenyewe akatengeneza uzio wote wa upande wa barabarani. Hakuombwa. Lemburis, Mwarusha mstaafu wa ulinzi na mteja wa kwanza kabisa wa kilabu, alileta mzigo wa kuni, na Jumapili moja akaleta paja zima la mbuzi. Sumari, fundi pikipiki aliyekuwa akisimulia mzaha mmoja tu kuhusu Warombo, kila siku, kwa miaka, aliacha kuusimulia. Wengine walikuja na pipi mifukoni na kuzimumunya baada ya kila funda. Evaresta aliyaona yote hayo, akahitimisha kwamba ni uzee umewaingia, au mahubiri.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Krunal alipoketi kwenye benchi, akafungua taulo lake, akaomba kuonja.

Evaresta alionja kwanza. "Imekubali."

Krunal alimimina mbege kwenye glasi ya mguu mrefu, akainyanyua juani. Ndani ya glasi ile ilionekana kama Mto Themi wakati wa mvua. Akaizungusha. Akaingiza pua. Akapiga funda, akalipeleka shavu hili na shavu lile kama anayesukutua asubuhi, kisha akafungua lile kopo jeusi na kutema.

Nyuma ya kuni Aminieli alisimama, akasahau kwamba hayupo.

"Ametema!"

"Nimeona," alisema Lemburis.

"Pombe ya mama wa watu! Ameonja, akatema, ndani ya kopo, kama mgonjwa!"

"Kaa chini, Aminieli. Kwetu sisi kutema ni baraka. Mzee akikutemea, umebarikiwa wewe na ng'ombe wako."

"Kwani huyu ni mzee?"

Lemburis alizitazama ndevu za Krunal kwa muda. "Hapo sasa ndipo penye tatizo," alikiri.

"Wazee wangu, shikamooni," Krunal aliharakisha. "Msinielewe vibaya. Ndiyo kazi ilivyo. Nikimeza kila ninachoonja, ikifika saa saba nitakuwa sijui jina langu."

"Sisi hapa," alisema Aminieli, "tunakuja kwa ajili hiyo hiyo."

Lakini Krunal alikuwa amekwisha kufumba macho, anaandika bila kutazama daftari. "Mama," alisema, "hii ni hatari. Huu uchungu! Nimezunguka vilabu vyote kutoka Nduruma mpaka Usa River, sijakutana na uchungu kama huu."

Mikono ya Evaresta ilisimama juu ya kata. "Uchungu gani?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua.

"Wa kishujaa, mama. Unakupiga kama ngumi, halafu hauondoki. Mimi nimeshatema, wenyewe bado upo." Akagusa shavu lake kwa heshima.

Evaresta aliwageukia watu wake kumi na wanane. Hakuna aliyemtazama. Sumari alikuwa akisoma maandishi ya kwenye kreti la soda. Lemburis alizikagua katambuga zake, tairi la kushoto kwanza, kisha la kulia.

Alielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba huenda tangu Pasaka kila alipotamka "Imekubali" alikuwa akidanganya hadharani. La pili, kwamba hakuna mtu ambaye yeye angeweza kumwuliza, maana kuuliza mbege yako ikoje ni kukiri kwamba hujui. Na mpishi asiyejua ni nani? Ni bibi mwenye sufuria tatu. Mahali pake pa kusimama asubuhi na kata mkononi, watu wakimsubiri, patakuwa pa mtu mwingine kabla ya Krismasi.

Krunal hakuona kitu, kwa kuwa alikuwa amefumba macho. Alimwalika kwenye maonyesho ya vinywaji vya asili, Jumapili ya wiki ile nyingine mchana, kwenye hoteli moja ya bustani njia ya Usa River. Angekuja kumchukua yeye na ndoo zake. Kazi yake ingekuwa ndogo tu: kuonja mbele ya wageni, kama alivyofanya sasa hivi, na kuwaeleza anasikia nini.

"Nasikia nini," alirudia Evaresta.

"Ladha, mama. Kwa maneno yako mwenyewe."

Usiku huo alikula na mkwewe, Princess, anayeishi naye wakati Derick akiwa Tunduma, yaani anayeishi naye. Evaresta alikuwa amepika ndizi nyama. Princess alikula kijiko kimoja, akanywa maji kikombe kizima, akala kijiko cha pili.

"Mama, leo chumvi imetosha."

"Imetosha vizuri?"

"Imetosha, mama. Imetosha na ya kesho."

Evaresta alisukuma sahani pembeni, akatoa kikombe kidogo cha mbege alichokuwa amekificha chini ya kawa. "Princess, mwanangu. Nionjee hii. Ncha ya ulimi tu."

"Mama! Mimi nimeokoka!"

"Sijasema unywe. Nimesema uonje."

"Hata shetani pale bustanini hakusema mtu ashibe. Alisema aonje."

Huwezi kubishana na mtu aliyetoka kwenye mkesha. Kesho yake Evaresta aliwamwagia kuku mbege kidogo. Waliinywa yote na kumtazama wakitaka nyingine, jambo lililompa moyo kwa dakika mbili, mpaka alipokumbuka kwamba kuku hao hao mwezi uliopita walikula kipande cha sabuni.

Akapika ya Jumapili kwa kukisia. Akatia konzi ya tahadhari. Kisha, kwa kuwa ni wageni, akatia ya pili.

Bustani ya hoteli ilikuwa na nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha kuruta, na juu yake Mlima Meru, nao umejifunika shuka la mawingu kama mtu asiyetaka kuhusishwa. Wagunduliwa wote walipangwa mstari kwenye meza zenye vitambaa vyeupe. Kulikuwa na mzee wa Nduruma na mvinyo wake wa rozela, ambao mpaka wiki iliyopita alikuwa akiuita juisi iliyolala. Kulikuwa na mama Mmeru na mvinyo wa ndizi, na mzee mwingine na pombe ya asali. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na kadi yenye jina lake, na mita alizo juu ya usawa wa bahari. Ya Evaresta ilisema elfu moja mia tatu na kitu. Alikuwa ameishi huko juu miaka yote hiyo bila hata kizunguzungu.

Lemburis alikuja naye, amebeba ndoo, amevaa lubega safi na kofia ya baridi. Wageni wawili walimwomba wapige naye picha kabla hajaziweka ndoo chini.

Aliyekuwa akitazamwa na wote ni Jasdeep, mwenye duka kubwa la vinywaji mjini, mtu mzima mwenye kilemba cha bluu na sauti ya upole. Ilikuwa rahisi kumtambua: kila mgeni aliyeonja kitu alimtazama yeye kwanza, ili ajue kama amekipenda.

Zamu ya Evaresta ikafika. Alichota. Alikunywa. Baridi, povu, ganda moja la ulezi kwenye jino. Akanyamaza muda wake wa siku zote.

"Imekubali."

Watu hamsini walisubiri na kalamu. Krunal akamtikisia kichwa kumtia moyo. "Unasikia nini, mama?"

Evaresta alitazama mbele yake. Kulikuwa na mparachichi karibu na lango.

"Nasikia parachichi," alisema.

Bustani ilinong'ona. Jasdeep alipeleka glasi puani. "Lililoiva?" aliuliza kwa makini.

"Linaloanza."

Kalamu zikaandika. Evaresta aliona kwamba hajafa, akaendelea. Upande wa jikoni moshi ulikuwa ukipanda. "Na moshi."

"Wa kuni gani?"

"Mkaratusi." Macho yake yakateremka kwenye kamba iliyofunga hema la kivuli. "Na mwishoni kabisa, ukitulia, kuna kamba ya katani. Iliyonyeshewa."

"Katani!" alipaza sauti mama mmoja wa kofia pana, macho yamefumba. "Nimeipata! Jamani, ipo!"

Waliokuwa karibu naye nao wakaipata. Kijana mmoja alisema kwake yeye imekuja kabla ya moshi. Kulizuka mjadala. Evaresta alisimama nyuma ya kadi yake akiwatazama watu hamsini wenye ndimi nzima, walizolipia masomo, wakisikia kila alichowaambia wasikie. Kilikuwa kitu cha kuchekesha, na angecheka, isipokuwa kwamba alikuwa ameshawaona watu wa namna hiyo. Alikuwa nao kumi na wanane nyumbani.

Ndipo alipomwona Lemburis. Alikuwa amejibanza nyuma ya hema na kikombe cha plastiki, maana mtu akibeba ndoo, hiyo ni haki yake. Alipiga funda. Jicho lake moja likafumba lenyewe. Bega likapanda. Akatoa pipi kwenye mkunjo wa lubega, akaimenya haraka haraka na kuitupa mdomoni. Katika bustani nzima, huo ulikuwa uso pekee uliokuwa ukisema kweli.

Jasdeep alitangaza kwamba kwa ladha chungu hajaonja mfano wake kaskazini yote, na wageni wakagundua kwamba na wao ndivyo walivyofikiri. Makofi yalipigwa. Krunal alikuwa karibu kulia. "Mama, nakuomba kitu kimoja tu: usibadilishe chochote. Kila Ijumaa nitachukua ndoo kumi. Ya hivi hivi."

Jioni jua likiwa bado lipo, pikapu ya Krunal iliwashusha njia panda ya Kwa Mrombo, na wao wakashika njia ya mguu na ndoo tupu. Mbele ya mama muuza mahindi ya kuchoma, Evaresta alisimama.

"Lemburis. Mbege yangu ni chungu?"

"Leo jua lilikuwa kali, Mama Derick."

"Nimekuuliza kitu."

"Na yule mzee wa asali, umeona alivyo—"

"Lemburis."

Lemburis aliweka ndoo chini. Alikuwa amelinda maghala miaka ishirini na sita, usiku, na rungu. Lakini hakuwahi kuwekwa mahali pabaya kama hapo. "Ni chungu," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Miezi mitano mnakunywa kitu kichungu, mnanyamaza?"

"Hatukunyamaza. Tulikaa kikao."

"Kikao! Wapi?"

"Kwa fundi viatu. Tulijiuliza ni nani amemkosea Mama Derick mpaka anatufanyia hivi. Mtu hawezi kupika vizuri miaka thelathini halafu aamke siku moja ameharibu. Tukajua hii ni makusudi, hii ni hasira. Aminieli akasimama akasema ni yeye, kwa sababu ya yule kuku wako aliyemgonga na baiskeli."

"Kumbe yule kuku aligongwa na Aminieli?"

"Ndiyo maana akatengeneza uzio. Sumari akasema hapana, ni ule mzaha wake."

"Na wewe?"

"Mimi nilijua kabisa ni mimi."

"Ulinikosea nini?"

"Sijui," alisema Lemburis. "Ndiyo maana nilileta paja zima."

Muuza mahindi aliacha kupepea moto ili asikie vizuri.

"Mngeniambia," alisema Evaresta, na sauti yake haikuwa ya kugomba.

"Nani akuambie? Wewe ndiye unayeonja kwanza. Wewe umesema imekubali. Mimi nisimame niseme haijakubali, nitakuwa nani? Tukasema basi, hasira ya mtu mzima inanyweka. Tutainywa mpaka iishe."

Evaresta aliangalia ndoo. Kisha akasema haraka, kama anayeng'oa jino lake mwenyewe: "Sisikii kitu, Lemburis. Ulimi umekufa tangu yale mafua. Chumvi, sukari, msesewe, vyote ni maji. Hata leo pale sijasikia kitu."

Lemburis alifikiri. "Na lile parachichi?"

"Niliona mti."

"Kamba ya katani?"

"Ilifunga hema."

Lemburis alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Alipomaliza alifuta macho kwa ncha ya lubega, akamwona Evaresta hacheki, akaokota ndoo. "Sasa utafanyaje?" aliuliza. Evaresta alikuwa ameshatangulia. Walitembea mpaka nyumbani, Lemburis nyuma hatua mbili, kama anayemlinda mtu asijue kwamba analindwa.

Jumanne watu walijaa kama kawaida, pipi mifukoni. Aminieli alikuwa nyuma ya kuni zake. Evaresta alitoka na kata, akasimama mahali pake, akachota. Vikombe vilikaa tayari. Akainua kata mpaka karibu na mdomo, akaishusha. Akatembea hatua nne hadi kwenye benchi, akampa Lemburis kwa mikono miwili.

"Onja wewe."

Benchi lilitoa mlio. "Kabla yako?" aliuliza Lemburis.

"Kabla yangu. Na useme kweli, mbele ya watu." Kisha akawageukia wengine, kwa sababu jambo kama hilo ukilisema nusu litakwenda kumaliziwa kwa fundi viatu. "Tangu Pasaka sina ladha mdomoni. Nimekuwa nikiwaambia imekubali na sikuwa najua. Sikumkasirikia mtu. Sumari, hata mzaha wako. Aminieli, nilikuwa sijui habari za kuku, sasa najua."

Nyuma ya kuni kulisikika mtu akijilaumu kwa Kimeru.

Lemburis alikunywa. Alinyamaza. Evaresta alikuwa amesimama hivyo mbele ya watu maelfu ya asubuhi, na hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kuwa yeye anayesubiri. Aligundua kwamba kile kimya ni kirefu mno. Alikuwa akiwatesa.

"Bado," alisema Lemburis.

Kwa mazoea, watu sita walichukua kofia.

"Kaeni!" alisema Evaresta. Akamimina ndoo ya maji ya ndizi ambayo haijatiwa msesewe, akakoroga, akachota tena. "Bado," akasema Lemburis, na jicho moja likafumba. Akamimina ndoo ya pili. Safari hii Lemburis alishika funda muda mrefu, akameza, akatazama chini, na watu waliona koo lake likitulia.

"Imekubali."

Hakuna aliyepiga makofi. Hapo si hotelini. Vikombe vilinyooshwa, na kwa muda palikuwa na sauti ya kunywa tu. Sumari aliangalia pipi yake, akaitupia kuku. Aminieli alitoka nyuma ya rundo la kuni na kikombe chake, akasimama katikati ya uwanja, wazi kabisa, mbele ya barabara ya usharika wake wote, macho yamefumba. Evaresta alichota ya mwisho, akanywa. Baridi, povu. Akazitazama zile nyuso zote na kuona kwamba leo kumbe anaweza kujua ikoje.

Tangu siku hiyo Lemburis hashikiki. Huja saa nzima kabla ya watu, amesukutua, ameacha ugoro tangu jana yake. Alidai kiti chenye mgongo, akapewa. Wiki iliyopita alisema, kama wale wa hotelini, kwamba ladha ya mbege ina mkia mrefu, na Evaresta alimtishia kumrudisha kwenye benchi. Mahali pa kusimama na kata bado ni pa Mama Derick. Yeye ndiye anayechota, na yeye ndiye anayeamua ni nani apewe kuonja. Uzio ndio umepata hasara. Ilipojulikana kwamba hakuna aliyekasirikiwa, Aminieli alikusanya misumari yake, na upande wa chooni uko wazi mpaka leo.

Krunal alikuja Ijumaa ile kuchukua ndoo zake kumi. Alitoa glasi, akainyanyua juani, akasukutua, akatema kwenye kopo. Uso wake ulishuka kama bendera.

"Mama! Umebadilisha!"

"Imekubali," alisema Lemburis kutoka kwenye kiti chake.

"Ni nzuri, sikatai, lakini inafanana na mbege." Sauti yake ilikuwa ya msiba. "Ule uchungu wa kishujaa umekwenda wapi?"

"Umekwisha," alisema Evaresta.

"Hautapikwa tena?"

"Ule hupikwa nikiwa nimemkasirikia mtu."

Krunal alifungua daftari la ngozi na kuliandika hilo neno kwa neno, akalipigia mstari. Kisha akainua kalamu. "Na hiyo hutokea mara ngapi kwa mwaka, mama?"

Evaresta alilitazama kopo jeusi mkononi mwake.

"Endelea kutema humo," alisema. "Hutangoja sana."